Manto ya Mwanasesere wa Saba

Siku risasi zilipoingia Ndosho, mtaa wa Goma, Mama Sidonie aliokoa wanasesere wake kwanza. Émérance, mke wa mwanawe, alimwona kwa macho yake mawili: bibi wa miaka sitini na tisa, mwenye goti bovu, amepiga magoti mbele ya kabati la vioo, anashusha kartoni moja baada ya nyingine na kuzisukuma chini ya kitanda, huku mabati ya paa yakitetemeka juu yake. Zilikuwa kumi na moja. Ya kumi na moja ilipoingia ndipo alipoinua kichwa akauliza, "Bénie iko wapi?"

Bénie, mjukuu wake wa miaka saba, alikuwa ameshalala kifudifudi kwenye korido, mkono wa mama yake ukiwa mgongoni mwake. Hakuna aliyepata jeraha siku hiyo. Lakini swali lile lilimkwama Émérance kooni kama mwiba wa samaki. Hakulijibu, wala hakulisahau.

Wanasesere wenyewe hawakuwa vitu vya kuchezea. Kila aliyeingia katika nyumba ile ya mbao alielezwa hilo kabla hajakalia kiti. Mama Sidonie, mzaliwa wa Butembo, alikuwa amefanya biashara ya vitenge na viatu tangu ujana wake, akifika Dubai, Guangzhou, hata Paris. Na huko Paris, mwaka wa 2009, katika dirisha la duka moja, alimwona mwanamke wa urefu wa dhiraa moja, mwenye shingo ndefu na kope za nywele, amevaa suti ambayo mtu mzima angeenda nayo arusini bila aibu. Nyumba moja kubwa ya mitindo ilikuwa imetengeneza mia mbili tu wa namna ile, kila mmoja na karatasi yake ya namba na sahihi. Mama Sidonie aliacha viatu alivyokuwa amekuja kununua, akamchukua yule. Safari iliyofuata akachukua wa pili. Alipozeeka na kuacha kusafiri, wafanyabiashara aliowafundisha kazi wakawa wanamletea. Hakumtoa hata mmoja ndani ya kartoni yake. Kila kartoni ilikuwa na dirisha la plastiki, na bibi aliwatazama kupitia hapo, akiwaita kwa Kifaransa: Numero Un, Numero Deux, mpaka Onze.

Kwa nini aliwakusanya? Émérance alikuwa ameolewa katika nyumba ile miaka tisa na alikuwa hajapata kujua. Si kwamba bibi alikataa kujibu. Alijibu kila mara, na kila mara jibu lilikuwa jingine. Padri alipokuja kubariki nyumba aliambiwa ni kumbukumbu ya safari ambazo Mungu alimrudisha salama. Paulin, mwanawe, aliambiwa ni akiba, kwamba huko Ulaya vitu hivi hupanda thamani kama mashamba. Bénie aliambiwa hawa ni wageni, na wageni hawashikwi-shikwi. Émérance alipouliza mwenyewe, siku moja wakichambua maharagwe, aliambiwa, "Ni juu ya mushono." Akangoja maelezo. Bibi akaendelea kuchambua maharagwe.

Vita ile ya mwisho wa Januari 2025 iliwakuta wanawake peke yao. Paulin alikuwa Butembo kufuata mzigo, na barabara ilikuwa imekatwa na mstari wa mbele. Shule ambako Émérance alifundisha darasa la tatu ilikuwa imefungwa. Siku ya tatu, risasi zilipopumzika kidogo, mlango wa parseli, yaani wa ua, uligongwa. Alikuwa mwanamke mwenye godoro kichwani, na nyuma yake msichana mdogo amekumbatia bidoni la maji.

"Mama, tunaomba mahali pa kuweka kichwa," alisema mwanamke. "Kule kambini mabomu inaanguka."

"Munatoka wapi?"

"Kalengera. Tulikimbia tangu 2022. Naitwa Mukashyaka. Huyu ni Charline."

Kabla Émérance hajajibu, sauti ya mama mkwe ilitoka ndani. "Ile sauti ni ya Rutshuru. Na wenye bunduki wanasema vile vile."

Waasi walioingia mjini walikuwa wametokea upande huo wa Rutshuru; Mukashyaka aliinamisha macho. Ilionekana si mara ya kwanza kulisikia neno lile.

"Mama, huyu mutoto hana bunduki," alisema Émérance.

"Sijasema hapana. Nimesema nimesikia. Waingie, unawaachia inje juu ya nini?"

Basi wakaingia. Wakawa watano, na wote walilala kwenye korido, kwa sababu kuta za mbao hazizuii risasi na korido ilikuwa katikati ya nyumba. Chumba cha bibi kilifunguka upande huo. Aliyelala pale chini, akigeuza kichwa tu, aliona uvungu wa kitanda na madirisha kumi na moja ya plastiki, na nyuso kumi na moja zilizopakwa rangi zikimtazama.

Bénie alikuwa amezizoea. Charline, aliyekuwa na miaka minane, alizitazama siku nzima bila kusema kitu. Hakuomba kushika. Siku ya pili yake, bibi akiwa ameketi juu ya mto wake, mtoto alinyoosha kidole.

"Bibi, ile manto ya kijivu iko na nguo ingine ndani."

"Umeonea wapi?"

"Pale kwenye shingo. Wameipindua na kuishona kwa mukono. Mama yangu anafanyaka vile."

Mama Sidonie alimgeukia Mukashyaka taratibu, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni. "Weye ni mushonaji?"

"Nilikuwa, Mama. Mashini yangu ilibaki Kalengera."

Bibi akaitisha kisu cha jikoni. Akaivuta kartoni ya saba, akakata utepe uliokuwa haujakatwa tangu ulipofungwa huko ng'ambo, akamtoa Numero Sept na manto yake, koti refu la kijivu lenye kola pana na vifungo vidogo kama punje za mtama. Akampa Charline. Mtoto alimpokea kwa mikono miwili, kama watu wanavyopokea chakula kutoka kwa mkubwa. Mukashyaka alisogea. Vichwa vitatu vikainama juu ya bega la mwanasesere, na Émérance akasikia mama mkwe wake akiuliza maswali, yeye ambaye miaka tisa alikuwa mtu wa majibu: hapa wamekata wapi? Na hapa, mbona haijikunji?

Bénie hakulia. Aligeukia ukuta tu. Émérance alimshika kisogo na kutafuta neno la kumwambia, lakini angemwambia nini? Mtoto wa watu, wa siku mbili, amepewa kile ambacho mtoto wa nyumba alinyimwa tangu azaliwe. Alijaribu kumkasirikia bibi. Hasira haikukaa sawa. Akajaribu kumkasirikia Mukashyaka, ikakataa kabisa.

Mji ulitulia, watu wakaanza kuzika na kufagia. Baada ya wiki mbili ikatangazwa kwamba waliokimbia warudi makwao, na mabanda ya turubai kule kambini yakafumuliwa. Mukashyaka alishukuru, akafunga godoro lake. Émérance aliwasindikiza hadi barabarani na kilo tatu za unga. Aliporudi, alimkuta mama mkwe wake ameketi kitandani na kartoni ya saba mapajani. Ilikuwa tupu.

"Numero Sept iko wapi, Mama?"

"Wameiba."

Émérance aliketi. Alimkumbuka yule mwanamke na macho yake ya chini, na mtoto aliyepokea kwa mikono miwili. Alasiri, akipeleka chai, alisema, "Mama, nitawapigia simu watu wa Kalengera, tuulize."

"Kuuliza nini? Nilimupa."

"Asubuhi ulisema wameiba."

"Nilimwazima," alisema bibi, akapokea kikombe. "Uende ulete."

Émérance alimpigia Paulin. Paulin alisema mama amezeeka, vita imemchanganya, ambembeleze tu. Dakika tano baadaye akapiga tena: labda aende tu, mama atatulia. Sasa Émérance hakujua mume wake yuko upande gani, wala yeye mwenyewe yuko upande gani. Siku nne bibi hakugusa chakula ila uji. Siku ya tano Émérance alimwacha Bénie kwa jirani, akapanda lori lililokuwa linakwenda kuchukua maharagwe, likampitisha Kibumba na Rugari na bariere nne ambako vijana wenye bunduki walimuuliza anaenda kufanya nini Kalengera.

Bariere ya kwanza alisema ukweli kuhusu mwanasesere: "Naenda kutafuta pupe ya mama mukwe." Kijana alimtazama sana, akawaita wenzake waje wasikie. Walicheka, kisha wakafungua mfuko wake mpaka mshono wa chini. Bariere zilizobaki alisema anaenda kwenye kilio.

Kalengera alishuka mguu mmoja umekufa ganzi. Nyumba nyingi zilikuwa hazina mabati. Migomba ilikuwa imeota hadi milangoni. Alikuwa bado anatafuta wa kumuuliza alipomwona mwanamke anapita barabarani na jembe begani, amevaa manto ya kijivu yenye kola pana.

Émérance alisimama. Alifikiri ni kizunguzungu cha lori. Ilikuwa manto ya Numero Sept, ileile, kola ileile, mkunjo uleule chini ya kiuno, ila imekua. Imekuwa kubwa, ya mtu mzima, na jembe juu yake. Akamfuata yule mwanamke hatua ishirini nzima kabla ya kupata sauti.

"Mama, samahani. Hii manto umeitoa wapi?"

"Kwa Mukashyaka. Na weye unataka? Uwahi, kuko mustari."

Hapo akaona vizuri kwamba kitambaa chenyewe kilikuwa blanketi, zile za kijivu walizogawiwa kambini. Vifungo vilikuwa vya mti.

Mukashyaka alikuwa barazani mwa duka lililofungwa, nyuma ya cherehani nyeusi iliyojaa kutu. Jirani aliyebaki alikuwa amekizika kichwa cha cherehani hiyo katika shamba la migomba, na Mukashyaka alikikuta na kukiosha kwa mafuta ya taa. Alimkumbatia Émérance, akaita Charline alete kiti. Charline alikuja na kiti, na mgongoni alikuwa amembeba Numero Sept kwa kipande cha kitenge, kama mama anavyobeba mtoto. Mwanasesere, chini ya kile kitenge, alikuwa uchi.

"Na manto?" Émérance aliuliza.

Mukashyaka akafungua karatasi ya mfuko wa simenti. Manto ilikuwa ndani, imefumuliwa yote, vipande vimepangwa na kushikizwa kwa pini, kila kimoja na alama ya kalamu. Kando yake kulikuwa na vipande vilevile vimechorwa vikubwa kwenye karatasi nyingine.

Émérance aligusa kipande kimoja. "Umeharibu kitu cha watu."

"Niliharibu?" Mukashyaka alishangaa kweli, uso ukamgeuka. "Mama Sidonie hakukwambia?"

"Aliniambia umeiba. Kisha akaniambia alikupa. Kisha akasema alikuazima. Sasa mimi nimefika hapa na sijui nimetumwa kwa mwizi ao kwa rafiki."

Mukashyaka aliketi tena. Cherehani ilikuwa kati yao.

"Alinipa yeye mwenyewe, asubuhi ile, ukiwa unapima unga," alisema. "Alinifungia ndani ya shuka. Akasema: 'Nimeiangalia miaka mingi na sijajua bega inashikaje. Mimi nikifumua, mukono itakataa. Fumua weye. Ukijua, ushone ya watu.' Akasema nisimwambie mutu. Nilifikiri anaogopa utalia juu ya mutoto wako."

"Mimi?"

"Ndiyo."

Émérance alivitazama vile vipande. Je, aamini? Ilikuwa ni sauti ya bibi kabisa, maneno yale, *mukono itakataa*. Lakini kama ni kweli, basi bibi alimtuma kilomita zote hizi, kupitia bunduki, kumpokonya mtu kitu alichopewa, na kumwita mwizi juu ya hayo. Na kama si kweli, mbona mwanamke huyu hakukimbia wala hakuficha kitu?

"Chukua," Mukashyaka alisema, akikunja karatasi. "Nimeshajua bega. Charline, mupe."

Charline alifungua kitenge. Hakubisha. Alimfunga mwanasesere vizuri ndani ya kipande kilekile, akampa Émérance kwa mikono miwili. Kisha akaenda nyuma ya duka na hakurudi tena mpaka lori lilipopiga honi. Émérance alikaa njia nzima ya kurudi akiwa amebeba kile kifurushi tumboni, juu ya magunia ya maharagwe, na hakujua kama anarudisha mali au anaiba.

Nyumbani alikiweka mbele ya mama mkwe wake bila salamu. Bibi alimfungua Numero Sept, akamtazama alivyo uchi, akamlaza kando. Akafungua karatasi ya simenti. Akaanza kutoa pini na kupanga vipande juu ya meza, polepole, akivigusa kwa ncha ya kidole.

"Ishirini na tatu," alisema. "Bega peke yake ni nne! Mimi nilifikiri ni moja." Akacheka. Kisha akahesabu tena.

"Mama. Ulimpa ao aliiba?"

"Nilimupa."

"Na mbona ulisema ameiba?"

Bibi alikaa kitako. Alionekana mzee kuliko siku ya risasi. "Nilimupa, nikafurahi. Nyinyi mulitoka hapo inje na godoro, nikaona kartoni haina kitu, nikajuta. Halafu nikapata haya ya kujuta. Niliposema wameiba, nilitaka ikuwe kweli. Ingekuwa kweli, ningekuwa na mutu wa kukasirikia."

"Umenituma kumupokonya mutoto."

"Najua."

Mwiba ule wa siku nyingi ulipanda wenyewe kooni mwa Émérance. "Na siku ya risasi? Uliwaficha hawa kwanza. Ndipo ukauliza Bénie."

Alitarajia uongo, mmoja kati ya majibu mengi ya bibi, na kwa kweli angeupokea. Mama Sidonie alitazama mikono yake.

"Hii ndiyo ilienda," alisema. "Kichwa hakikuituma. Nimeuliza padri, hajajua. Mimi mwenyewe naiogopa, mutoto yangu. Usiniulize tena."

Émérance hakuuliza tena. Hakusamehe vizuri, wala hakubaki na kinyongo kizima. Alibaki hapo katikati, na alipika chakula, na bibi alikula.

Asubuhi ya Jumatatu iliyofuata Mama Sidonie alivaa viatu vya safari ambavyo havikuguswa miaka sita. Aliita moto, pikipiki ya kukodi, kutoka barabarani, akakusanya Numero Sept, vipande vyake, na kartoni ya pili ambayo haijafunguliwa. Goti alilifunga kwa kitambaa. Kabla ya kuondoka alifungua kabati lote la vioo, ambamo kartoni zilikuwa zimerudishwa, akamwambia Bénie, "Chagua moja. Ile unataka. Utoe inje, ucheze."

Bénie alizitazama kartoni, moja baada ya moja. Akatikisa kichwa. "Sitaki tena, Bibi," alisema, akaenda uani kuruka kamba. Bibi alisimama pale mlango wa kabati ukiwa wazi mpaka dereva wa moto alipoita mara ya pili.

Émérance alimzuia kwa maneno yote aliyokuwa nayo: bariere, mvua, umri. Kisha aliuliza, "Unaenda kugombana ao kuomba musamaha?"

"Nitajua nikifika."

Alikaa Kalengera siku tisa. Simu yake ilizimika siku ya pili. Émérance alikuwa ameshaanza kuulizia kila dereva wa lori bibi aliporudi, amekonda, kucha zimeingia mafuta ya cherehani, bila Numero Sept na bila kartoni ya pili. Hakueleza. Alisema tu kwamba nguo ya Numero Deux ina vipande thelathini na kimoja, na kwamba kitambaa chake cha ndani kimekatwa mshazari, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Jirani mmoja alisema vita imemharibu akili. Paulin, kwa simu, aliuliza ni dola ngapi zimepotea hapo, na mama yake akamwambia aangalie mizigo yake.

Mwezi wa sita Mukashyaka aliteremka Goma na Charline na mfuko mkubwa. Manto za blanketi zilikuwa zinavaliwa mpaka soko la Rutshuru. Alikuwa amemshonea Mama Sidonie ya kwake, ya kitambaa cha kweli, rangi ya kijivu, na bibi aliivaa papo hapo sebuleni juu ya kitenge.

Haikumkaa. Kola ilikuwa sawa, kiuno sawa, lakini mabega yalisimama mbali na mabega yake kama mlango ulioachwa wazi.

"Hii ni bega ya pupe," Mukashyaka alisema, uso umemshuka. "Pupe habebi kitu. Mutu anabeba."

"Ulisema umejua bega!"

"Nilijua ya kwake. Yako siijue."

"Basi tufumue."

"Mama, ni kazi ya wiki mbili ile!"

"Nimesema tufumue. Leta wembe."

Wakafunga mlango wa chumba. Émérance alikuwa jikoni akiandaa chai. Kupitia ubao alisikia sauti zikipanda, Kinande kidogo cha bibi, Kinyarwanda kidogo cha Mukashyaka, Kiswahili cha hasira, kitu kikaanguka, halafu kimya. Kisha mmoja wao, hakutambua nani, akaanza kufanya sauti ambayo ingeweza kuwa kilio na ingeweza kuwa kicheko. Alifika na sinia hadi mlangoni akainua mkono abishe hodi. Akaushusha. Akauinua tena. Uani Charline alikuwa anamhesabia Bénie miruko ya kamba, amefika arobaini, naye Émérance akasimama pale na chai inapoa, akijaribu kusikia.